Kifua cha Bi Ozella

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: unampokea mgonjwa, unampanga, unampiga picha ya eksirei, unamruhusu aende zake, na muda wote huo mkufunzi amesimama pembeni amekunja mikono. Hasemi kitu. Akilazimika kufungua mdomo, hata kwa neno moja, umefeli. Ndiyo kanuni ya chuo chetu cha kaunti, na mimi sina ugomvi nayo. Siku utakapokuwa peke yako chumbani na mtu anayeumwa, hakuna atakayekunong'oneza.

Mara ya kwanza nilifeli. Bi Stroud, mkufunzi wetu pale hospitalini, alifungua mdomo akasema, "Verlene, watu wanasubiri nje."

Nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa namfunga mwanamke nywele.

Wasiojua nitawaeleza. Picha ya kifua hupigwa mtu akiwa amesimama, kifua kimegusa bamba la ukutani, mgongo umeelekea kwenye mashine. Mionzi huingia mgongoni ikatokea mbele, na chochote kilicho njiani huacha kivuli: mkufu, kifungo, chuma cha sidiria. Nywele za kusuka nazo, zile nene zinazolala mabegani, huacha kivuli. Kinaangukia sehemu ya juu ya pafu, kikakaa pale kama wingu. Na wingu juu ya pafu lina majina ambayo hakuna mtu anayependa kuyasikia. Kitabu cha chuo kinasema wazi kwamba nywele zifungwe juu. Bi Stroud anajua. Madaktari wanajua. Hapakuwa na siri yoyote hapo.

Lakini katika hospitali ile mgonjwa aliulizwa hereni, akaulizwa sidiria, akaulizwa mimba. Nywele hakuulizwa. Wapiga picha karibu wote walikuwa Wazungu, na Mzungu wa huku kwetu Delta ya Mississippi, kusini mwa Marekani, atakuuliza siku yako ya mwisho ya hedhi bila kupepesa jicho, ila nywele zako anaziogopa kama waya wa umeme. Mmoja wao aliwahi kumshika bibi mmoja kichwani bila kuomba ruhusa, akatukanwa mpaka akatoka analia. Tangu siku hiyo ikawa desturi: usiguse, piga, mwite anayefuata. Bi Stroud alipenda kusema kwamba kifua kisizidi muda wa kuchemsha yai. Sasa, kufunga nywele zilizosukwa mpaka kiunoni si yai. Ni kuku mzima.

Basi wanawake wetu Weusi walipigwa picha na mawingu yao, wakaitwa tena, wakapigwa tena, wengine wakaingizwa kwenye ile mashine kubwa ya mviringo. Walikesha na hofu wakingoja kuambiwa samahani, zilikuwa nywele. Na hiyo samahani yenyewe hawakuambiwa.

Mimi sisahau, wanaonijua wanajua. Nilikuwa mtoto wakati basi la eksirei lilipokuja shambani kwenye pamba, tukapangwa mstari kama ng'ombe wa josho. Bibi yangu Pinkie alikuwa na mikia miwili ya nywele minene kama kamba ya kisima. Akaambiwa simama, akasimama. Baadaye wakaja kumchukua, wakampeleka hospitali ya kifua kusini mwa jimbo, akakaa huko mpaka pamba ikavunwa na ikapandwa nyingine. Hakuwa amekohoa kabla, hakukohoa baada. Ilikuwa kifua kikuu au ilikuwa mikia? Sijui, na sijifanyi kujua. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Kiwanda cha kambare kilipofungwa na sisi wachuna samaki tukatupwa nje, serikali ilitoa nafasi za masomo kwa tuliokosa kazi. Nikachagua mionzi. Nilikuwa na wajukuu, na wenzangu darasani walikuwa na chunusi. Waliniita Mama Mgomo, maana mama zao waliwasimulia jinsi nilivyogoma kiwandani. Nafasi ile ilikuwa ya safari moja: ukifeli kifua mara ya pili unarudishwa nyuma mwaka mzima, na anayerudishwa nyuma halipiwi tena. Mtu wa umri wangu, katika mji ambao kazi nyingine ni kupanga makopo dukani, akitoka kwenye mlango huo hana mwingine. Marudio yangu yalipangwa Ijumaa.

Siku moja kabla, nilikuwa nakula na Tamekia Sykes, msichana tuliyesoma naye, kwenye kibaraza nyuma ya chuo. Yeye alikuwa na tamale zake, unga wa mahindi uliojazwa nyama, kwenye karatasi, vidole vimejaa mafuta mekundu.

"Mama Mgomo, nikwambie ukweli?"

"Hata nikikataa utaniambia."

"Kesho piga tu. Nywele ziwe zimelala, zimesimama, zinacheza, wewe piga. Ukishapata cheti, hapo sasa funga, fumua, nyoa, hakuna wa kukuuliza."

"Nikishapata cheti nitakuwa nimezoea."

"Kuzoea nini?"

"Kupiga tu."

Akalamba kidole. "Haya. Utafeli na haki yako mkononi."

"Mwanangu, nimefeli na haki mkononi mara nyingi kuliko ulivyopiga mswaki. Kesho sifeli."

"Unajuaje?"

"Najua kazi."

Wala sikuwa najigamba. Mtu hajigambi kwa kitu alichokitolea jasho. Nilikuwa nimewafunga nywele mabinti wote wa dada yangu kwa bendeji ya kuvutika, maana vibanio vina chuma na chuma kinaonekana kwenye picha. Niliwafunga wakiwa wamekaa, wamesimama, wanatazama televisheni, mpaka wakawa wakiona gari langu linaingia wanakimbilia kwa jirani.

Ijumaa asubuhi Bi Stroud alinikabidhi karatasi ya mgonjwa, akaenda kusimama kwenye kona yake na kukunja mikono. Mtihani umeanza. Nikasoma jina.

Ozella Battle.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka tuliogoma pale kiwandani, hatukugomea mambo makubwa ya kwenye magazeti. Tuligomea choo. Msimamizi alikuwa ameng'oa mlango wa choo cha wanawake, akakaa nje na saa yake mkononi, anatuhesabia. Wanawake wazima. Tukatoka, tukasimama getini Januari nzima, baridi inang'ata mpaka kwenye meno. Na kila asubuhi Ozella Battle alipita katikati yetu ndani ya gari la shemeji wa meneja, akaenda kuchuna samaki wetu. Siku za mwanzo aliinamisha kichwa. Baadaye akakiinua. Tulishinda, mlango ukarudishwa, na Ozella akautumia mlango ule mpaka siku kiwanda kilipofungwa.

Tangu hapo hatukusemeshana. Tunasali kanisa moja. Yeye ni mhudumu wa mlangoni, glavu nyeupe, mgongo kama fimbo. Ananipa kipepeo cha karatasi, nakipokea, najipepea nikitazama mbele.

Kabla sijamwita niliifungua picha yake ya kwanza kwenye kompyuta, kama inavyotakiwa. Wingu lilianzia shingoni, likashuka upande wa kulia, limejipinda na kujipinda. Mimi si daktari. Lakini nimesuka watoto wangu kila Jumamosi ya maisha yao.

Nikafungua mlango. "Bi Ozella Battle."

Akaingia na gauni la hospitali, akaniona, akasimama.

"Wewe?"

"Mimi. Habari za asubuhi, Bi Ozella. Naitwa Verlene Gooden, ni mwanafunzi, na leo mimi ndiye nitakupiga picha ya kifua. Naomba jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa."

"Jina langu unalijua. Ulilitangaza getini kwa kipaza sauti."

"Nalijua. Kanuni inataka nilisikie kutoka kwako."

Akalitaja, na tarehe, huku ananitazama kama mtu anayepimiwa nyama na muuzaji mwizi. Nikauliza hereni, nikauliza sidiria, nikauliza mkufu. Akavua.

"Wamesema kuna kitu," alisema, si kwangu hasa, labda kwa mashine. "Nimeshatoa kabatini gauni jeupe la kuzikwa nalo. Binti yangu analia tu. Nimemwambia mchungaji asiniombee kwa sauti, sitaki watu wajue."

"Tutapiga picha nzuri, daktari aione vizuri. Bi Ozella, nywele zako naomba tuzifunge juu ya kichwa. Zikining'inia hivyo zinaingia kwenye picha."

Zilikuwa zimesukwa upya, nyembamba, nyeusi tii, zinashuka mpaka kiunoni. Kazi ya kutwa nzima ya mtu. Alizishika kwa mikono miwili kama mtu anayeporwa mkoba.

"Kichwa changu hukigusi."

"Basi zifunge mwenyewe, mimi nikupe bendeji."

"Sifungi. Mara ya kwanza hakuna aliyeniambia nifunge."

"Ndiyo maana umeitwa mara ya pili," nilitaka kusema, nikameza. Mwanafunzi haruhusiwi kusema picha inaonyesha nini, wala haionyeshi nini. Nje mtu aligonga mlango. Nilisikia viti vinaburutwa kwenye ukumbi, watu wanapiga miayo kwa makusudi ili wasikike. Bi Stroud alitazama saa ya ukutani. Taya lake lilisogea. Midomo bado imefungwa.

"Bi Ozella, ni kwa ajili yangu unakataa? Kwa sababu ni mimi?"

Akasogea karibu, karibu kuliko alivyowahi kunikaribia tangu Januari ile, akanong'ona. "Usijipe ukubwa. Siyo wewe. Ni yeye." Macho yake yakaenda kwenye kona. "Ile kofia ya kiwandani, ile yenye mpira. Ilikula nywele zangu. Nyuma ya masikio, kisogoni, pote ni upara. Msusi wangu peke yake ndiye anajua, na nilimwapisha kwa jina la mama yake. Mzungu yule hataniona hivyo. Nife na wingu langu."

Sasa fikirini. Ningeweza kupiga. Mgonjwa amekataa, nimeomba kwa adabu, nabonyeza kitufe, yai limeiva. Mimi napata cheti, Ozella anapata wingu la pili na kurudi nyumbani kulitazama gauni jeupe. Na ndani yangu yupo mwanamke aliyesimama getini vidole vimekufa ganzi, akalitazama gari lile likipita; huyo angekaa akacheka. Nilimwambia anyamaze. Mgomo ule hatukuufanya kwa ajili ya watu wazuri. Tuliufanya kwa ajili ya kila mwenye kibofu.

Nikageuka. "Bi Stroud, naomba uangalie ukuta. Nitakuambia wakati wa kugeuka."

Katika kaunti yetu, mtu kama mimi kumwambia mtu kama yeye aangalie ukuta si jambo dogo, na sote watatu tulilijua hilo. Uso wake ulianza kuiva kutokea shingoni. Akisema "Nini?" nimekwisha. Akisema "Verlene," nimekwisha. Nilimtazama machoni, sikuinamisha kichwa, wala sikuongeza neno. Nilichoomba kilikuwa sahihi na nilikuwa nimekwisha kukiomba.

Alimtazama Ozella. Akazitazama zile nywele na mikono iliyozishika. Kisha akageuka, mikono yake bado imekunjwa, pua yake karibu na bango la onyo la mionzi.

"Upesi," Ozella akanong'ona.

Nikaanza kisogoni. Ngozi ilikuwa laini na inang'aa, kama ya mtoto. Nikakusanya nywele fungu moja moja, nikapandisha, nikazungusha bendeji.

"Bado una hasira na mimi," alisema.

"Ndiyo. Inamisha kichwa."

"Nilikuwa na watoto wanne, Verlene."

"Mimi nilikuwa na watatu. Geukia huku kidogo."

"Hutaki hata kunisikiliza."

"Inayofanya kazi ni mikono. Masikio yako wazi."

Nikahamia upande wa pili. "Ule mlango wa choo," alisema. "Sikuwahi kukushukuru."

"Hukuwahi."

"Na sasa hivi sikushukuru, usije ukafikiri. Nasema tu."

"Sawa. Sema tu." Nikakaza fundo. Nikachukua shuka dogo la hospitali, nikamfunika kuanzia paji la uso mpaka kisogoni, nikalifunga kwa juu kama kilemba, likakaa vizuri hata mwenyewe angeweza kwenda nalo harusini. "Bi Stroud, unaweza kugeuka."

Hapo nikafanya kazi yangu. Nikamsimamisha kwenye bamba, nikainua kidevu chake, nikaweka migongo ya mikono yake kiunoni, nikasukuma viwiko mbele ili mifupa ya mabega itoke kwenye mapafu. Nikabandika alama yangu ya madini ya risasi, ile yenye herufi ya upande wa kulia na herufi za jina langu, ili atakayeiona picha ile ajue ni nani wa kumlaumu. Nikaingia nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi. Itoe. Vuta tena, jaza kifua, zaidi, kama unataka kumkemea mtu kanisani. Shikilia."

Nikabonyeza.

"Pumua."

Picha ikatokea. Mifupa miwili ya mtulinga imelingana, mapafu yote yameingia toka juu mpaka pembe za chini, mabega yametoka njiani. Na kule juu kulia palikuwa wazi na peusi kama anga la usiku wa Novemba. Nilijizuia uso wangu usiseme kitu.

"Umeona nini?" Ozella aliuliza kabla hajageuka.

"Siruhusiwi kusema. Anayesoma ni daktari."

"Verlene Gooden. Miaka yote hiyo umekuwa na mdomo, leo huna?"

"Leo sina." Ningempa jibu lile bure, Mungu anajua, lakini kama ningemwambia, basi ningekuwa mtu mwingine tu anayechezea kifua chake bila haki. "Ninachoweza kukuambia ni hiki. Picha imetoka sawasawa, hairudiwi. Kilichomo kitaonekana. Kisichokuwemo hakitaonekana."

Akanichungulia usoni kutafuta jibu. Kisha mabega yake yakashuka, akachukua hereni zake, akatoka na kilemba chake kichwani.

Bi Stroud alikuja kwenye kompyuta. Akaziweka picha mbili pamoja, ya kwanza na yangu, akazitazama bila haraka, yeye aliyekuwa na haraka siku zote. Akachukua kalamu akatia sahihi.

"Umechelewa mno," alisema.

"Ndiyo."

"Ukumbi umejaa."

"Ndiyo."

"Na usije ukaniambia tena niangalie ukuta."

"Nitakuambia kila itakapobidi, Bi Stroud."

Nikamwona anataka kukasirika na hajui aanzie wapi. Mwishowe akasema, "Basi niombe mapema, nisisimame pale kama sanamu," akafungua kabati, akanitupia pakiti mpya ya bendeji.

Jumatatu daktari alisoma: kifua safi, hakuna kitu. Najua kwa sababu Jumapili iliyofuata Ozella alilisimulia kanisa zima, akamshukuru Mungu, akamshukuru mchungaji, akamshukuru daktari ambaye hajawahi kumwona kwa macho. Mimi hakunitaja. Alipofika kwenye safu yangu akanipa kipepeo, nikajipepea nikitazama mbele. Msitarajie zaidi ya hapo.

Lakini Ijumaa ile, wakati wino wa Bi Stroud bado mbichi, tulisikia sauti ukumbini, ile sauti ya mlangoni mwa kanisa inayowaambia watu wasogee katikati ya benchi.

"Nyie mliosukwa! Fungeni nywele juu kabla hamjaitwa!"

"Nani kasema?" mtu akauliza.

"Nimesema mimi. Unadhani nimerudi hapa mara ya pili kutembea?"

"Sina cha kufungia, Bi Ozella."

"Una soksi? Basi una cha kufungia. Na wewe, binti, toa hicho kibanio, ni chuma! Mna aibu ya nini? Vichwa ni vyenu!"

Watu wakacheka, viti vikaburutwa, na nikasikia wanawake wakiombana mpira, wakikopeshana vitambaa. Nilisimama na pakiti yangu mkononi. Mwaka ule wa mgomo ningetoa jicho moja kumpata mpiga kelele wa namna hiyo upande wetu wa geti.

Nikafungua mlango, nikaita jina lililofuata. Akaingia msichana mwembamba, nywele zake zote zimerundikwa utosini, zimefungwa kwa kamba ya kiatu, mguu mmoja unaburuta kiatu kilicholegea. Bi Stroud alikuwa amerudi kwenye kona yake, ingawa mtihani wangu ulikuwa umekwisha. Kamba ya kiatu ina ncha za bati. Nikaomba ruhusa, nikaifungua, nikazungusha bendeji, nikamwambia asimame kwenye bamba na ainue kidevu.